Whitaker na Wanaosema Alibahatika

Filamu ya The Last King of Scotland ikirudi tu kwenye runinga, ubishi nao hurudi. Kwamba Forest Whitaker alipewa Oscar kwa kuwa kafanana na Idi Amin: umbo kubwa, uso mweusi, basi kazi imekwisha.

Aliyesema hivyo hajamsikia Whitaker akihojiwa. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini, kazaliwa Longview, Texas, mwaka 1961 na kukulia Los Angeles. Amin alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na bondia, mcheshi wa kutisha. Kutoka kwa huyo hadi kwa yule ni safari ndefu. Kabla ya kamera kuwashwa Uganda, Whitaker alikwenda kuonana na ndugu wa Amin, akajifunza kupiga kodiani, akajifunza na Kiswahili. Hilo la Kiswahili hupuuzwa, nami naona ndiko ufunguo uliko. Ndiyo lugha ya kambini alikopitia Amin, na mwaka 1973 yeye mwenyewe akaitangaza kuwa lugha ya taifa.

Tazama pale Amin anapomlaumu daktari wake kwa kutomzuia asiwafukuze Waasia. Daktari anajitetea: nilikwambia. Amin anamjibu kwamba kusema alisema, ila hakumshawishi. Sauti inashuka, karibu ya kubembeleza. Ucheke au ukimbie? Sura peke yake haimfikishi mtu hapo.

Wengine husema ni mwigizaji wa filamu moja. Hawa nawashangaa zaidi. Mwaka 1988, miaka kumi na minane kabla ya Amin, alichukua tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa filamu ya Bird, aliyoiongoza Clint Eastwood, akiwa Charlie Parker, mpiga saksafoni. Sauti ya saksafoni tunayoisikia humo ni ya Parker mwenyewe, kutoka kwenye rekodi zake. Whitaker alijifunza ala hiyo ili vidole, mashavu na pumzi viifuate. Na hakuanzia hapo kuwa mtu wa sikio. Chuo kikuu alikwenda kwa udhamini wa futiboli ya Kimarekani, akaumia mgongo, akahamia kwenye uimbaji, tena uimbaji wa opera, sauti ya tenor. Uigizaji ulimkuta njiani. Ndiyo maana nasema Amin wake ameanzia masikioni.

(Filamu yake ya Battlefield Earth ya mwaka 2000 sitaitetea. Kila mpishi ana siku aliyounguza wali.)

Kuhusu jicho la kushoto la Whitaker, nalo lina uvumi wake: si la bandia wala hakupigwa ngumi. Ni kope lililolegea, naye ameeleza kuwa ni la kurithi.

Hoja yenye uzito kidogo ni ile ya historia. Kweli, daktari Garrigan hajapata kuwapo. Ni mhusika wa riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na mapenzi yake na Kay, mke wa Amin, ni ya kutunga. Mganda anayekasirika kwamba maafa ya nchi yake yanasimuliwa kwa macho ya kijana wa Kiskoti ana haki yake. Lakini deni hilo ni la mwandishi na mwongozaji. Kulidai kwa mwigizaji ni kumkamata dereva kwa kosa la aliyechora barabara.

Mwisho husemwa alichukua sanamu lake mwaka 2007 akaisahau Afrika. Usiku ule alisimama na karatasi mkononi, akakumbuka alivyokuwa mtoto akitazama filamu kwenye kiti cha nyuma cha gari la wazazi, akawashukuru watu wa Uganda. Mwaka 2012 akaanzisha shirika la amani na maendeleo. Leo linafundisha vijana Sudan Kusini, na ng'ambo ya mpaka pia, Kiryandongo, kwenye makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Kampala.