Kufungua Kichwa cha Injini Nyumbani

Katika sehemu za Kocholia, tangu Malaba hata kuelekea Busia, mwenye pikapu ana wajibu mwingi. Mihogo na mahindi ya majirani humngojea, na wenye mgonjwa humbishia mlango usiku. Kwa hiyo injini ikichemka na kichwa chake kikapinda, hasara si yake peke yake. Wengi huuliza kama kazi ya kukibadili yaweza kufanywa nyumbani, chini ya mwembe, pasipo kwenda gereji ya mjini. Yaweza, lakini kufungua boliti ndiyo sehemu iliyo rahisi kuliko zote.

Mfano mzuri ni Peugeot 504, gari ambalo haliundwi tena, lakini miaka ya 1970 na 1980 lilichukua abiria wengi katika njia za Kenya. Nguvu yake ilijulikana: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na kaka yake 404 alikuwa ameshinda mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Walakini kichwa cha injini yake ni cha alumini, nacho hukaa juu ya bloki ya chuma. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Moto ukizidi kiasi, kichwa hutaka kutanuka, boliti hukizuia, nacho hupinda.

Kabla ya kushika spana, yafaa kuhakikisha kwamba kosa liko huko kweli. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yakipungua pasipo kuvuja nje, au mapovu yakitoka katika rejeta wakati injini inapounguruma, basi dalili ni mbaya. Mtu asifungue kifuniko cha rejeta yenye moto kwa ajili ya kutazama hayo. Wengi wameungua uso.

Boliti hulegezwa injini ikiwa baridi, kidogo kidogo, kuanzia pembeni kwenda katikati. Fito zinazosukuma valvu huwekwa kwa mpangilio, ili kila moja irudi mahali pake. Kipande cha boksi chenye matundu yaliyoandikwa namba chatosha kabisa.

Hapa ndipo penye hatari. Silinda za 504 si matundu yaliyochimbwa katika bloki, bali ni slivu zitolewazo, nazo zimezungukwa na maji. Kinachozishikilia ni kichwa chenyewe. Kwa sababu hiyo hakiinuliwi kwa nguvu moja kwa moja, bali hutikiswa kwanza mpaka kiachane na gasketi. Kikisha kuondolewa, mtu akizungusha krenki, au gari likiwa katika gea na watoto wakalisukuma kwa mchezo, pistoni huweza kuinua slivu, na kizibo kilicho chini yake kikaharibika. Hapo maji hushuka hata kwenye sampu, na kazi ya kichwa hugeuka kuwa kazi ya injini nzima. Fundi mwangalifu huzifunga slivu kwa vipande vya chuma na boliti mara moja, kabla hata ya kunawa mikono.

Kichwa kikisafishwa, huwekewa rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kutoka pembe hata pembe, na bamba la kupimia hupitishwa chini yake. Kwa kawaida nafasi ikizidi milimita 0.05 au karibu na hapo, hakifai kurudishwa hivyo. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kusawazisha si kazi ya tupa wala msasa uliofungwa juu ya kibao, ijapokuwa wapo wanaojisifu kwa kufanya hivyo. Hiyo ni kazi ya mashine, na fedha ya kuilipia isionewe uchungu. Tena mtu anunuaye kichwa kilichotumika, iwe Bungoma au ng'ambo ya mpaka Tororo, kwanza akipeleke kupimwa nyufa, ndipo atoe fedha.

Wakati wa kurudisha, matundu ya boliti yawe makavu, kwani mafuta au maji yaliyobaki chini huweza kupasua bloki boliti inapokazwa. Gasketi iwe mpya. Boliti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, na kwa spana ya kupimia nguvu. Asiye na spana hiyo aazime. Mkono wa mtu hauna kipimo.

Hata hivyo gasketi mpya haidumu ikiwa chanzo cha moto kimeachwa. Mpakani hapo ni karibu mita 1,200 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyakandamiza yasichemke mapema, kikilegea, kibadilishwe. Tena 504 nyingi zina feni inayoshikwa kwa umeme maji yapatapo moto. Waya wake ukikatika, gari laweza kwenda vema barabarani penye upepo, kisha likachemka katika foleni ya malori ya Malaba. Basi kabla ya kupakia mzigo wa kwanza, injini iachwe iungurume gari likiwa limesimama, na feni itazamwe mpaka ishike.