Tamko kwa Umma Kuhusu Habari za Vita na Wajibu wa Msemaji wa Jeshi

Bujumbura

Sisi, wanachama wa chama cha waandishi na watangazaji wa Kiswahili mjini Bujumbura, tunatoa tamko hili kwa wananchi, kwa wahariri wenzetu, na kwa ofisi ya msemaji wa Jeshi la Ulinzi la Taifa.

Askari wa Burundi walikuwa Somalia tangu Desemba 2007 hadi mwisho wa 2024. Wengine wamepigana Kivu Kusini, Kongo, na mji wa Uvira huko uko ng'ambo tu ya mto Rusizi. Picha za vita hivyo hufika kwenye simu za mitaa yetu ya Buyenzi na Bwiza kabla msemaji hajapata ruhusa ya kufungua kinywa. Mzazi huikuza picha kwa vidole viwili, akitafuta sura ya mwanawe kati ya maiti.

Tunaijua kazi ya ofisa wa habari jeshini, nasi hatumbezi. Simu za waandishi zinaanza kulia alfajiri, wakati kamanda aliye mstari wa mbele bado anahesabu watu wake. Hawezi kutaja kambi iliyovunjwa, maana adui naye anasikiliza. Hawezi kutaja jina la marehemu kabla familia haijaarifiwa. Kila sentensi yake lazima ipite makao makuu; na askari akiwa chini ya Umoja wa Afrika, kuna mlango mwingine wa kubisha. Adui hana familia za kuarifu wala mkubwa wa kuomba idhini: anapiga picha, anaandika idadi aitakayo, anarusha.

Hata hivyo, historia yetu inaonyesha hasara ya kumwachia uwanja. Tarehe 20 Oktoba 2011, kikosi cha Burundi kilipigana vikali Dayniile, Mogadishu. Wapiganaji wa al-Shabaab walipanga miili hadharani huko Alamada, wakawaita watu na waandishi waje kutazama, wakadai wameua zaidi ya 70. Umoja wa Afrika ulitaja 10. Familia za hapa zilibaki katikati ya hesabu hizo mbili.

Kasi bila uhakika nayo ina gharama yake. Wakati wa operesheni ya Linda Nchi huko Somalia, msemaji wa jeshi la Kenya, Meja Emmanuel Chirchir, alikuwa akijibizana na al-Shabaab kwenye Twitter. Mapema 2012 alitoa picha ya mtu aliyepigwa mawe kana kwamba ni tukio jipya, kumbe ilikuwa ya 2009. Wapinzani wake walimsuta mbele ya dunia nzima. Siku hiyo jeshi halikupoteza askari kwa kosa hilo, lilipoteza kuaminiwa.

Kambi ya askari wetu ya El Baraf, Somalia, iliposhambuliwa tarehe 3 Mei 2022, jeshi la Burundi lilitoa mchanganuo: waliokufa 10, majeruhi 25, wasiojulikana walipo 5. Al-Shabaab walidai wameua zaidi ya 170, na vyombo vya habari viliripoti idadi iliyozidi ile ya jeshi. Mpangilio ule wa makundi matatu tunausifu. Lakini idadi ya kwanza haiwezi kuwa ya mwisho ilhali wapo ambao hawajapatikana.

Hapa nyumbani, kuhusu shambulio la Vugizo la tarehe 22 Desemba 2023, serikali ilisema watu 20 waliuawa, wakiwemo watoto 12. Kundi la waasi la RED-Tabara lilidai limeua askari 9 na polisi 1. Anayeweza kumaliza ubishi wa namna hiyo ni mwandishi aliyefika mahali penyewe. Lakini waandishi 4 wa gazeti la Iwacu waliokwenda Bubanza Oktoba 2019 kufuatilia mapigano walikamatwa na kuhukumiwa, wakatoka kwa msamaha wa rais Desemba 2020.

Kwa hiyo tunatamka yafuatayo:

1. Msemaji wa jeshi aruhusiwe kuthibitisha mapema kwamba shambulio limetokea, hata kabla ya idadi kujulikana. Kusema "bado tunahesabu" ni taarifa kamili.

2. Familia zisikie kwanza kutoka jeshini, kwa mtu anayebisha hodi au kupiga simu, si kutoka WhatsApp.

3. Kila idadi itolewe pamoja na tarehe na saa, isahihishwe hadharani ikibadilika, na wasiojulikana walipo watajwe mpaka hatima yao ijulikane.

4. Waandishi wafikishwe maeneo ya mapigano hali ikiruhusu, na asikamatwe yeyote kwa sababu ya kwenda huko kutafuta habari.

5. Sisi wenyewe hatutatangaza dai la upande wowote kama ukweli uliothibitishwa, wala sura ya marehemu, wala mahali walipo askari. Kila dai tutalitaja pamoja na mwenye kulitoa.

Tunaiomba ofisi ya msemaji ikutane nasi ili mambo haya yaandikwe kuwa utaratibu wa pamoja kabla ya shambulio jingine. Utaratibu unaotungwa siku ya msiba huwa wa kujitetea tu. Wakati huohuo, kifungu cha 5 hakisubiri kikao: kinaanza kutumika kwetu leo.

Limetolewa Bujumbura, kwa niaba ya wanachama wote.