Shule Hainunuliwi kwa Rangi ya Basi

Ndugu zangu wa Kibirizi, kwa kuchagua mtumbwi hamna mpinzani. Mnunuzi wa hapa hatangulizi bei. Atauzunguka, atagonga ubao mmoja mmoja kwa vidole, atachokoa penye kalafati, kisha atauliza fundi ni nani. Mnajua kwamba vyaelea vimeundwa. Basi akili hiyo huwa mmeiweka wapi siku ya kumtafutia mtoto shule?

Jirani yangu ana kijana wa darasa la tano. Hesabu anazimaliza kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni, halafu anabaki kuchora mitumbwi nyuma ya daftari. Mwaloni anageuza faranga za Kongo kuwa shilingi kwa kichwa tu, wakubwa wakiwa bado wanapapasa simu. Wenzake wanamwita Profesa, na si kwa sifa. Timu zikigawanywa, yeye ndiye anayebaki amesimama. Sasa kila Jumatatu tumbo linamuuma. Baba mtu ameshakata shauri: atampeleka shule yenye basi la njano, kwa kuwa watoto wa pale wana soksi ndefu na wanaitikia "gudimoningi ticha" kwa sauti moja.

Nikamuuliza: umekaa darasani mwao hata nusu saa? Hapana. Umeuliza aliyemaliza mapema hupewa nini? Hapana. Mtoto mwenyewe anasemaje? Akacheka!

Mtoto ni amana ya Mungu, hilo sina haja ya kuwahubiria. Na akili yake imo ndani ya amana hiyo. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu, na mwaka 1937 akawa Tabora. Wangemwambia angoje wenzake, tungekuwa wapi? Tabora yenyewe iko kwenye reli hii hii iliyofika hapa kwetu Kigoma mwaka 1914, na Tabora Wavulana leo ni shule ya vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Huko Profesa atakutana na maprofesa wenziwe. Lakini ni mpaka amalize msingi, na mtoto hali ahadi.

Wapo wanaosema apelekwe bweni akakomae. Mwaka 2023 Serikali ilikataza bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, na ilifanya vyema. Huyu wa tano katazo hilo halimgusi, ila asiye na rafiki nyumbani kwao, usiku bwenini atalia kwa nani?



Baba, Jumatatu acha mzigo wa dagaa, mshike mtoto mkono, mkakae dawati la nyuma kwenye shule ya basi, kisha kwenye ile ya Serikali iliyo jirani. Mtazame mwalimu mtoto akiuliza swali: anajibu, au anamkalisha chini? Mtazame na wakati wa mapumziko, anasimama na nani. Mkitoka huko piteni kwangu mnieleze, kahawa itakuwa jikoni.