Nyusi Zilizokutana

Bila shaka ile picha imeshakufikia. Mwanamke wa kizamani, mnene, nyusi nzito, kivuli cha masharubu juu ya mdomo, sketi fupi iliyotanuka na soksi nyeupe. Chini yake wameandika eti huyu ni Binti Mfalme Qajar, kisura wa Uajemi, na wanaume 13 walijiua baada ya kukataliwa naye. Watu wanacheka, wanawatumia wenzao, basi.

Mwezi huu tuanzie hapo hapo. Hakuna binti aliyeitwa hivyo. Qajar ni jina la ukoo uliotawala Uajemi, yaani Iran ya leo, tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi 1925. Picha zinazozungushwa zinawachanganya mabinti wawili wa Naser al-Din Shah, aliyetawala 1848 hadi 1896: Esmat al-Dawla na mdogo wake Taj al-Saltana. Wote wawili waliozwa wakiwa bado watoto, sasa hao wachumba 13 walipangiwa foleni saa ngapi? Tena Taj al-Saltana aliachana na mumewe, akajiunga na wanawake waliodai haki zao enzi za mapinduzi ya katiba, na akaandika kumbukumbu zinazoyaanika maisha ya jumba la baba yake bila kupaka sukari. Mwanamke wa aina hiyo ndiye sisi tunayemjadili vinyweleo.

Lakini tuseme kweli, nyusi zile zinatushangaza. Je, kwao walihesabiwa wazuri? Jibu liko kwenye kuta za majumba ya ukoo huo, na ni jibu tamu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 wachoraji wa jumbani walikuwa wakichora kwa rangi za mafuta picha ndefu za kimo cha mtu, nyingi zikiwa na upinde juu ili zikae sawasawa kwenye vishubaka vya ukutani. Humo utawakuta wacheza ngoma, wapiga ala, wanasarakasi wanaosimama kwa mikono, na wapenzi waliokumbatiana. Watazame wapenzi hao vizuri. Uso wa mviringo, macho makubwa, mdomo kama tundu la kitufe, kiuno chembamba, na nyusi mbili zilizokutana juu ya pua kama mbawa za ndege. Huyo ni mwanamke. Sasa mtazame mwanamume aliyemshika kiuno: ni uso ule ule! Usipochungulia kofia na nguo, huwezi kujua nani ni nani.

Mwanahistoria Afsaneh Najmabadi aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 2005. Anaeleza kwamba siku hizo uzuri haukugawanywa wa kike na wa kiume kama tulivyozoea sisi. Kijana mzuri na binti mzuri walisifiwa kwa mambo yale yale, na vinyweleo laini juu ya mdomo wa mwanamke vilikuwa pambo. Wapo waliovikoza kwa wanja! Fikiria, dada zetu wanavyotoa hela saluni kuviondoa.

Uso huo haukuishia ukutani. Ulichorwa kwenye vikasha vya kalamu na vifuniko vya vioo vya mkononi, vilivyotengenezwa kwa karatasi zilizogandishwa kwa gundi, zikachorwa kisha zikapakwa vanishi hadi zing'ae. Kandokando wakazungushia mawaridi na ndege. Yaani bibi akifungua kioo ajitazame, anakutana kwanza na yule mrembo wa mchoraji, halafu ndipo anajiona mwenyewe. Nadhani hapo ndipo penye mchezo mzima. Mrembo yule hakuwa mke wa mtu. Mchoraji hakuruhusiwa kukaa mbele ya wake wa mfalme na brashi yake, hivyo alichora uzuri wa kufikirika, na uso mmoja ukawahudumia wote.

Wanaume nao walikuwa na vipimo vyao. Fath Ali Shah, aliyetawala 1797 hadi 1834 na kuacha watoto zaidi ya 100, alichorwa mara nyingi sana, na kila mara ni ndevu nyeusi zinazofika kiunoni, kiuno cha nyigu, na vito mpaka kwenye mikono. Picha hizo alizituma kama zawadi. Moja iliyochorwa na Mirza Baba ilikwenda kwa kampuni ya Kiingereza iliyotawala India, na nyingine, ya Mihr Ali, ilikwenda kwa Napoleon na leo iko Louvre, Paris. Ukutani kwenye jumba la Negarestan, Tehran, mchoraji wake Abdullah Khan alimweka kwenye kiti cha enzi kati ya wanawe, na mabalozi wa Uingereza na Ufaransa wamejipanga pamoja kumheshimu. Kikao hicho hakijawahi kufanyika. Ni picha ya kuunganisha tu, na ilichorwa miaka ile ile ambayo Warusi walimnyang'anya ardhi ya Kaukasi kwa mkataba wa Gulistan wa 1813.

Kisha kamera ikaingia, na mambo yakabadilika hadi chumbani. Naser al-Din Shah, kitukuu cha yule mwenye ndevu, aliipenda kamera kuliko kawaida. Alipiga picha mwenyewe, wake zake wakiwemo, kwenye jumba la Golestan, na albamu zake zimehifadhiwa huko hadi leo. Kwa mara ya kwanza wanawake wa ndani wakawa na sura zao wenyewe: wanene, waliochoka, wenye kununa, wenye kucheka. Mimi hao nawapenda kuliko warembo wote wa ukutani.

Mmoja wao ni Anis al-Dawla, aliyeingia jumbani kama mtumishi na kuishia kuwa kipenzi cha mfalme. Mwaka 1873 Shah alipoanza ziara yake ya kwanza Ulaya alimchukua. Walipofika Moscow, mama akarudishwa nyumbani, kwa sababu desturi za kumficha mwanamke hazikuendana na dhifa za Kizungu. Bwana akaendelea na safari. Anis hakunyamaza. Alimlaumu waziri mkuu, Mirza Hosein Khan, akaungana na maadui zake, na Shah aliporejea alikuta joto kali kiasi kwamba ilibidi amwachishe waziri huyo kazi. Wanaume mnaosafiri na kuwaacha wenzenu uwanja wa ndege, mmesikia.

Na kama mnapanga fungate Unguja, kipo kipande cha habari hii huko. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alioa binti wa ukoo wa Qajar, anayetajwa kuwa mjukuu wa Fath Ali Shah. Emily Ruete, bintiye Said, anamkumbuka katika kitabu chake cha 1886 kama mwanamke mzuri, mwenye matumizi makubwa, aliyepanda farasi na kwenda kuwinda mchana kweupe na wapanda farasi wake Waajemi huku Waarabu wakishika vichwa. Hawakupata mtoto, ndoa ikavunjika, na mama akarudi kwao. Yaliyobaki ni mabafu ya Kidichi, kaskazini mashariki ya mji, yaliyojengwa mwaka 1850. Kwa nje ni jengo la kawaida tu, wengi hulipita. Ingieni ndani, subirini macho yazoee kiza, kisha tazameni juu ya kuta: chokaa imefinyangwa maua na ndege, kama vile vya kwenye vifuniko vya vioo.