Fundi, Weka Chini Hiyo Flashi ya Windows!

Kuna ugonjwa umeingia Kitengela, na Kajiado mjini pia upo. Laptopu ikikosa intaneti ya waya nyumbani, dawa ni moja tu: kufomati! Waya haujaguswa, ruta haijaangaliwa, lakini flashi ya Windows tayari iko mkononi. Nasema wazi: huo si ufundi, ni kamari. Na kinachowekwa mezani ni mali yako: picha za watoto, hesabu za duka, kazi ya chuo ya miaka miwili.

Kibaya zaidi, mara nyingi hata haisaidii. Kama waya umekatika ndani, Windows mpya itaukuta waya uleule. Na kama Windows hiyo haina draiva ya kadi yako ya mtandao, umejiongezea tatizo la pili: unahitaji intaneti upate draiva, na unahitaji draiva upate intaneti. Kuku na yai!

Hebu tupange mambo. Intaneti hukufikia kwa ngazi: laptopu, waya, ruta, kampuni, kisha dunia. Kazi ni kujua ngazi ipi imevunjika. Haitaki digrii:

1. Angalia taa. Waya ukichomekwa, taa ya tundu lake kwenye ruta huwaka. Haiwaki? Jaribu waya mwingine, kisha tundu lingine. Kile kipande cha plastiki kinachobana plagi kikivunjika, waya huonekana umeingia kumbe umelegea.

2. Soma anwani. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake laptopu iliomba anwani, ikanyimwa jibu, ikajipa yenyewe. Shida iko kati yake na ruta. Ukiona anwani isiyofanana na za vifaa vingine vya nyumbani, uliza kama iliandikwa kwa mkono. Mtu anafanya kazi Athi River, laptopu imewekewa anwani ya ofisi, akifika nyumbani haishiki kitu. Mrudishie mpangilio wa kupokea anwani moja kwa moja kutoka kwa ruta. Dakika mbili, na hakuna faili iliyopotea.

3. Andika ping, kisha anwani iliyo kwenye mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yako. Ikijibu, waya ni mzima.

4. Andika ping 8.8.8.8. Ruta imejibu lakini hii kimya? Shida iko kwa ruta au kwa kampuni. Kama una faiba, tazama taa ya LOS: ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwako, na hakuna fundi wa laptopu atakayeurudisha.

5. Andika ping google.com. Namba zinajibu lakini jina halijibu? Basi ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Rekebisha hiyo peke yake.

Kumbe ni amri mbili tu na macho! Na kama simu yako inavinjari vizuri kwa waifai ya ruta hiyohiyo, usianze kumtukana mtu wa kampuni.

Mafundi watasema wateja hawana subira, wanataka kazi ya haraka. Sawa. Lakini hatua hizi tano zinakula dakika kumi. Kufomati na kurudisha programu kunakula nusu siku. Haraka iko wapi? Sikatai kwamba kufomati kuna mahali pake, kwa mfano Windows ikiharibiwa na virusi. Lakini pahali pake ni mwisho wa foleni, na baada ya kuhifadhi faili za mwenyewe.

Kampuni za intaneti nazo zisijifiche. "Zima, subiri, washa" husaidia mara nyingine, maana ruta huanza mawasiliano upya. Lakini haiwezi kuwa jibu la kila kitu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM ziliharibika chini ya bahari, kaskazini ya Durban, na intaneti ikadorora Kenya na majirani zake. Siku kama hiyo unamwambia mteja wa Isinya azime ruta ili iweje? Mwambie ukweli alale. Na mumwonye asichokoe kile kitundu cha reset kwa sindano, kwa sababu ruta ikisahau mipangilio ya kampuni, tatizo dogo linageuka la kumsubiri mtu wa kampuni aje.

Haya si mambo ya starehe. Leo mtu anaomba kazi kwa intaneti, anafanya kazi kwa intaneti, na 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za KRA, haimngoji aliyefomatiwa.

Kwa hivyo wewe mwenye laptopu, kabla hujaikabidhi, muulize fundi swali moja: "Ni ngazi ipi imevunjika, na umejuaje?" Akikujibu, mlipe vizuri, ana ujuzi. Akianza kutafuta flashi mfukoni, chukua laptopu yako uende.