Dawa "Inafanya Kazi"? Kazi Gani?

Kuna sentensi inanichoma kila nikiiona kwenye simu: "Utafiti umeonyesha dawa hii inafanya kazi." Sawa, buda. Kazi gani? Imeshusha namba kwenye karatasi ya maabara, ama imemrudisha mtu nyumbani akiwa hai? Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi tunasambaza tu bila kuuliza.

Chukua hii ya hapa kwetu. Mwaka wa 2009 jaribio la FEAST, likiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, lilianza katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 waliingia wakiwa na homa kali na damu haizunguki vizuri mwilini. Swali lilikuwa moja: tuwawekee drip ya maji mengi haraka haraka, vile miongozo ilikuwa inasema, ama tuwape tu kiasi cha kawaida, polepole?

Baada ya saa moja, kundi la maji ya haraka lilionekana kupata nafuu zaidi. Kama kipimo kingekuwa hicho, si tungepiga makofi na kuenda nyumbani? Lakini kipimo kikuu kilichaguliwa mapema: ni wangapi wamekufa ndani ya saa 48? Jibu lilichapishwa 2011. Waliopewa maji ya haraka, karibu asilimia 10.5 walikufa. Wasiopewa, asilimia 7.3. Ilibidi jaribio lisimamishwe kabla ya wakati.

Soma tena. Kundi lililoonekana poa saa ya kwanza ndilo lililozika watoto wengi zaidi.

Na si Afrika pekee. Kule Marekani, jaribio la CAST liliwapa watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo dawa za kutuliza mapigo yaliyovurugika. Mapigo yalitulia kweli. Halafu 1989 ikajulikana kwamba waliomeza encainide na flecainide walikufa zaidi kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Namba ilipendeza, mwenye namba akaenda.

Najua mtaniambia kupima vifo kunataka watu wengi, pesa na miaka. Ni kweli. Na kuna vipimo vya maabara vilivyojithibitisha: wingi wa virusi vya HIV kwenye damu unasema mengi kuhusu uhai wa mtu. Sikatai. Ninachokataa ni kipimo kuchaguliwa kwa sababu tu kinabadilika haraka na kinauza.

Halafu, nani anachagua? Kwa ugonjwa wa baridi yabisi, madaktari walihesabu viungo vilivyovimba kwa miaka mingi. Mwaka wa 2002 mkutano wa wataalamu wa OMERACT ukawakaribisha wagonjwa wenyewe mezani. Wakasema, jamani, uchovu ndio unatumaliza! Haukuwa kwenye orodha kuu. Baadaye ukapendekezwa upimwe. Ilichukua mgonjwa kufungua mdomo.

Kwa hivyo siku ukiombwa kujiunga na utafiti, kabla hujaweka sahihi, uliza: Mnapima nini? Nani alikichagua? Mmekiandika tayari, ama mtakichagua mkishaona majibu? Usione haya. Mwili ni wako, na wao ndio wamekuja kuomba.

Ungekuwa wewe kwenye hicho kitanda, ungetaka wapime nini?