Mavuno ya Jasho la Jirani

Upatu wa akina mama wa jumuiya hauna hila: kila mmoja hupokea kwa zamu kile alichochanga. Lakini upatu unaoahidi faida kwa kuingiza watu wapya haulimi, haufugi, wala hauuzi kitu. Humlipa wa kwanza kwa fedha ya wa mwisho.

Tuhesabu. Mmoja akiingiza sita, na kila mmoja wao sita, ngazi ya kumi yadai watu 60,466,176, karibu sawa na Watanzania wote wa sensa ya mwaka 2022. Wa ngazi ya kumi na moja watatoka wapi?

Mwaka 2009 Serikali yetu ilipoisimamisha DECI, maelfu walikuwa "wamepanda mbegu" wakingoja "kuvuna". Lugha ya Injili iligeuzwa chambo, na wachungaji walikuwamo miongoni mwa walioshtakiwa.

Asijitetee mtu kwamba yeye alivuna mapema. Alivuna shamba la nani? Amri ya saba haimsamehe aliyewahi kuiba kabla ya wenzake. Twawasihi viongozi wa walei: msiruhusu mikutano ya jumuiya kuwa mahali pa kuandikisha wahanga.